Tunyooshe Viungo, Imani Tusiipinde

Ijumaa moja mwezi uliopita nilifika msikitini safu za mbele zimekwisha kujaa, nikaketi nyuma kabisa pamoja na wenzangu wa viti. Nasema wenzangu kwa sababu huu ni mwaka wa pili nami naswali juu ya kiti. Mgongo wangu, niliouinamisha juu ya meza za magazeti kwa karibu miaka thelathini, ulikuwa umekataa kunipa sijida, na goti la kulia halikutaka kusikia habari za tahiyatu. Hotuba ilikuwa haijaanza, nikawa navihesabu viti. Vilikuwa kumi na tisa.

Nilipokuwa mtoto msikiti huo huo ulikuwa na kigoda kimoja tu, nacho kilikuwa cha mzee mmoja nahodha aliyevunjika nyonga chomboni. Wazee wengine wote walikwenda chini na kuinuka bila ya kushika ukuta, na baadhi yao walikuwa na umri wa kuwazaa hawa tunaoketi vitini leo. Kiti ni ruhusa ya sheria kwa asiyeweza, na simlaumu mtu. Lakini watu kumi na tisa! Na watatu katika hao ni vijana niliowazidi kwa miaka kumi na zaidi.

Viti hivyo ndivyo vinavyonifanya leo nizungumze habari za yoga. Najua ya kwamba nikilitaja jina hili baadhi ya wasomaji wangu watakunja uso, na wengine watalikunja gazeti lenyewe. Naomba wasifanye haraka. Nami niliukunja uso, tena mbele ya mtoto wa dada yangu, na nataka kueleza kwa nini niliukunjua, na mahali gani sikuukunjua wala sitaukunjua.

Binti huyu alikuwa akifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni. Kila asubuhi aliwaona wageni wakitandika mikeka yao ukumbini, bahari iko mbele yao, wakijinyoosha na kujikunja, na mwalimu wao, mama wa Kizungu aliyekuja kwa msimu, akilipwa kwa saa moja fedha ambazo binti yetu alizipata kwa siku tatu. Kwanza alitazama tu. Kisha akaanza kujaribu chumbani mwake usiku, mlango umefungwa, maana alikuwa na maumivu ya kiuno kwa kusimama kutwa nyuma ya meza. Baada ya miezi michache maumivu yakapungua. Akaweka akiba miaka miwili, akaenda Nairobi kusomea ualimu wa yoga, akarudi na cheti chake. Hoteli ile ile ikamwambia kwamba wageni wanapenda mwalimu kutoka India au Ulaya.

Basi akaanza kuwafundisha kina mama, orofani nyumbani kwa dada yangu, wanawake watupu na madirisha yamefungwa, Jumanne na Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Wiki ya tatu haikwisha mtaa umejaa maneno. Wengine walisema anawafundisha wanawake kuabudu jua. Wengine walisema wameona masanamu, na nyumba ile haina hata picha ya marehemu shemeji yangu ukutani. Dada yangu alinijia akilia. Siku ya pili yake akaja ustadhi mmoja, rafiki yangu niliyesoma naye chuoni, akaniambia, "Wewe ndiwe mjombake. Ukinyamaza wewe, tutasema sisi."

Nikamwita binti. Akaja, akanibusu mkono, akaketi.

"Mwanangu," nikamwambia, "umekosa kazi gani duniani hata ukaenda kutafuta ibada za watu?"

"Mjomba," akanijibu kwa adabu, macho ameyainamisha, "sala yako waiswali kitini. Nipe wiki sita nikuonyeshe nilichosomea, kisha unihukumu utakavyo. Darasa nitalifunga mpaka siku hiyo."

Maneno hayo yalinikata maini, kwa kuwa sikuwa na jibu. Nikampa wiki sita, na katika wiki hizo nami nikafanya kazi yangu, ambayo ni kusoma.

Nililolikuta la kwanza ni kwamba Waislamu si wageni wa jambo hili. Abu Raihan al-Biruni, mwanachuoni wa Khwarazm aliyezaliwa 973, alifika India katika zama za Sultani Mahmud wa Ghazni, akajifunza Kisanskriti, akakitia kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali ambacho ndicho shina la elimu ya yoga. Hakukitafsiri ili akifuate. Alitaka kujua jirani yake anasadiki nini, na kitabu chake kikubwa juu ya India, alichokiandika kiasi cha 1030, ni cha mtu anayepima mambo bila ya kutukana. Miaka mia tano baadaye Sheikh Muhammad Ghauth wa Gwalior, mtu wa tarika ya Shattari, alitoa kwa Kiajemi kitabu cha yoga alichokiita Bahr al-Hayat, yaani Bahari ya Uhai. Nakala yake moja, iliyotiwa picha za watu katika mikao yao, ipo katika maktaba ya Chester Beatty huko Dublin. Simleti sheikh huyu kuwa hoja ya fikihi. Masufi wa India walikuwa na mambo yao, na wako wanavyuoni wa zama zake waliomsuta. Namtaja kwa ajili ya wale wanaodhani yoga imeingia ulimwenguni mwetu kwa ndege za watalii.

La pili lilinishangaza zaidi. Kitabu hicho cha Patanjali hakina mafunzo ya kujinyoosha. Katika maneno yake mafupi yanayokaribia mia mbili, yanayohusu mkao wa mwili hayazidi matatu, na maana yake ni kwamba mtu akae mkao ulio imara na wenye raha. Mengi ya yaliyobaki ni habari ya kuituliza akili na kuitakasa, kwa njia ya itikadi yao. Mikao tunayoiona leo, mingine imetoka katika vitabu vya baadaye, na mingi, hasa ile ya kusimama na ile inayofuatana mmoja baada ya mwingine kama shanga, ilipata sura yake katika karne ya 20. Miaka ya 1930 huko Mysore palikuwa na mwalimu Tirumalai Krishnamacharya aliyefundisha vijana chini ya ulinzi wa Maharaja. Wanafunzi wake, B.K.S. Iyengar na Pattabhi Jois, ni miongoni mwa walioieneza kazi hiyo duniani, na watafiti wameona katika mikao hiyo alama za mazoezi ya viungo ya Ulaya yaliyokuwa yakifundishwa mashuleni na majeshini wakati ule. Hata ile mizunguko maarufu ya kulisalimia jua, aliyeivumisha mwanzoni mwa karne hiyo ni Raja wa Aundh, akiwataka raia zake waijengee miili.

Kwa hivyo katika kapu moja mna mambo mawili. Mna itikadi ya watu, ambayo ni yao na tuwaachie. Na mna maarifa ya nyonga, uti wa mgongo na pumzi, ambayo si ya dini yoyote, kama vile maarifa ya kushona tanga yasivyokuwa ya dini yoyote.

Wanavyuoni wameyapambanua haya kabla yangu, ingawa si wote walioafikiana. Mwaka 2004 ilitoka Misri fatwa ya kuikataza yoga. Novemba 2008 baraza la fatwa la Malaysia likaikataza ile inayochanganya mazoezi, ibada na matamko, na siku chache baadaye Waziri Mkuu Abdullah Badawi akafafanua kwamba mazoezi ya mwili yasiyo na matamko hayana kizuizi. Januari 2009 maulamaa wa Indonesia nao wakaikataza yenye ibada za Kihindu, wakaiachilia iliyo mazoezi matupu. Novemba 2017 serikali ya Saudi Arabia iliikubali yoga kuwa mchezo miongoni mwa michezo, baada ya mwanamke wa Kisaudi, Nouf Marwaai, kuipigania kwa miaka mingi. Na India kwenyewe, Siku ya Yoga ya 21 Juni ilipoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, Umoja wa Mataifa ukiwa umeipitisha Desemba iliyotangulia, viongozi wa Waislamu walilalamikia kusalimia jua, na mizunguko hiyo haikutiwa katika ratiba ya siku ile.

Mimi nipo upande wa wanaopambanua, tena kwa ukali. Kusalimia jua, hapana. Tamko la Om, hapana. Kuunganisha viganja kifuani na kuinamiana, hapana. Wako vijana wanaosema, "Aa, hayo ni maneno tu." Kazi yangu mimi ni maneno, na mtu anayekula kwa maneno hawezi kukubali kwamba neno halina kitu. Kama halina kitu, basi liache; na kama unaona uzito kuliacha, basi lina kitu.

Lakini kuna kundi la pili linaloniudhi karibu sawa na hilo la kwanza. Hao ni wale wanaotaka kuihalalisha yoga kwa kudai kwamba sala yetu nayo ni yoga, rukuu ni mkao fulani na sijida ni mkao fulani, eti tumekuwa tukiifanya mara tano kwa siku bila ya kujua. Sala si mazoezi. Mtu haendi sijida ili aipe damu njia ya kichwani. Na kama ingekuwa sala peke yake yatosha kuvilainisha viungo, wale kumi na tisa wa Ijumaa, mimi nikiwemo, tusingekuwa vitini, kwa kuwa hatukuacha kuswali.

Mbona basi wazee wetu waliweza? Nimelifikiri hili sana, na jibu langu ni la mtu wa baraza wala si la daktari. Wazee wetu walikuwa watu wa chini. Walikula jamvini miguu imekunjwa, walichutama chooni, walikaa mkekani wakishona kofia au wakisuka ukili, mabaharia walivuta kamba na mahamali walibeba magunia. Mtu alikwenda chini na kuinuka mara hamsini kwa siku na sala haijahesabiwa. Sisi tumetoka jamvini tukapanda kochini. Chooni tumeketi, ofisini tumeketi, garini tumeketi, na jioni twaketi tena barazani kuisema serikali. Kisha tukifika msikitini twaishangaa nyonga inayokataa kazi ambayo hatukuipa tangu asubuhi.

Sisi tulio katika madhehebu ya Shafii ndio tunaolihisi hili zaidi. Sijida ina viungo vyake saba vinavyotakiwa kugusa chini: paji la uso, viganja viwili, magoti mawili, na vidole vya miguu yote miwili. Na tahiyatu ya mwisho kwetu ni kikao cha tawaruku, makalio yako chini, mguu wa kushoto umepitishwa chini ya wa kulia, na wa kulia umesimama vidole vikielekea kibla. Jaribu kikao hicho ukiwa na miaka hamsini na kitu na vifundo vikavu. Usiku mmoja katika taabu hiyo nilimwandikia rafiki yangu ubeti wa mzaha:

Goti langu lagandama, halitaki kukunjika,
Nikitaka kusimama, ukuta ndio nashika,
Na nikitaka kwinama, kiunoni nateseka,
Goti nipe usalama, niswali na kuridhika.

Sasa niwaeleze zile wiki sita. Mimi ni mjomba wa binti yule, maharimu wake, hapakuwa na tatizo la yeye kunisimamia. Nilitarajia kwamba atanipinda kama utepe. Siku ya kwanza aliniambia nilete kile kiti changu. Akanilaza chaliti juu ya mkeka, miguu yangu akaiweka juu ya kiti, akaniambia nipumue polepole kwa pua. Dakika kumi. Hilo ndilo lililokuwa somo. Akanieleza ya kwamba huyo Iyengar, aliyekuwa mtu wa maradhi utotoni mwake, ndiye aliyezoesha kutumia viti, mikanda na vipande vya mbao kuwasaidia wasioweza, na kwamba kiti si aibu, mradi kikusaidie kushuka wala si kukuweka juu.

Baadaye tulianza vidole vya miguu, kuvikunja huku nimepiga magoti juu ya mto, kwa hesabu ya pumzi tano. Machozi yalinitoka. Kisha vifundo. Kisha misuli ya nyuma ya paja, nimelala, kilemba changu cha zamani nimekizungusha unyayoni nikiuvuta mguu. Kila siku aliniambia neno moja: "Ukihisi kuvutwa, ngoja hapo. Ukihisi kuchomwa, rudi." Msuli ukivutwa kwa ghafla hujikaza ili ujilinde. Ukivutwa kwa upole na kuachwa hapo nusu dakika, na kwa watu wa umri wangu hata dakika nzima, hulegea. Tena wepesi unaopatikana wiki za mwanzo si kwamba msuli umerefuka. Mishipa ya fahamu ndiyo iliyokubali kwamba hapana hatari. Na goti, mimi nililokuwa nikilitukana, halikuwa na makosa. Goti limeumbwa kukunjika na kukunjuka, kuzunguka halikuumbiwa. Nyonga isipofunguka, deni hulipwa na goti.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami nimekuwa nikiwatajia vijana methali hiyo maisha yangu yote. Siikanushi. Lakini kila mke wa pwani ajua kwamba ng'onda naye, ukimtia majini usiku kucha, asubuhi hukunjika.

Mwisho wa wiki ya sita niliswali adhuhuri chumbani mwangu, nikashuka sijida mpaka paji likagusa msala. Sitaki kuliremba jambo hilo kwa maneno. Nilikaa pale chini zaidi ya kiasi. Tahiyatu ya mwisho bado naikalia mto, na siku za baridi mgongo hunikumbusha umri wangu, na msikitini bado nakaa karibu na kiti kwa tahadhari. Sitaki msomaji adhani nimefanyiwa muujiza. Chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2017, kimeitaja yoga miongoni mwa mambo ya kujaribiwa kwanza kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, kabla ya kukimbilia dawa. Wao hawakuzungumzia dini hata chembe. Walizungumzia viuno.

Mpaka hapa nimesema ya kumtetea binti. Sasa niseme ya kumkalia kitako, yeye na walimu wenzake.

Cheti walichonacho wengi ni cha saa 200. Kipimo hicho kimevumishwa na Yoga Alliance ya Marekani, iliyoanzishwa 1999, ambayo si serikali wala chuo kikuu bali ni chama chenye daftari la walimu na shule. Katika saa hizo, kwa utaratibu wake wa sasa, 75 ni za mazoezi na namna ya kuyafanya, 30 ni za maumbile ya mwili, 30 ni za historia na falsafa, 50 ni za kazi yenyewe ya kufundisha, na zilizobaki shule hujichagulia. Ziko shule zinazomaliza yote kwa mwezi mmoja. Nikapiga hesabu yangu ya chuoni. Sisi tulikaa mbele ya mwalimu kama saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki. Saa 200 kwa hesabu hiyo ni wiki ishirini. Baada ya wiki ishirini mwalimu wangu alikuwa bado ananipiga vidole kwa kukosea irabu, na hakuna aliyewaza kunipa watoto wa watu niwasomeshe. Na mwalimu wa yoga wa wiki ishirini, ama wa wiki nne, akabidhiwa shingo ya mama wa miaka sitini mwenye presha!

Saa 30 za maumbile ya mwili hazitoshi. Mtu mwenye presha ya macho akisimamishwa kichwa chini, macho yake yataumia zaidi. Mtu ambaye mfupa wa nyonga yake umeumbwa kwa namna fulani hataweza kuketi kile kikao cha miguu iliyopandana, hata afanye mazoezi mpaka kiama, na akilazimishwa atavunjwa goti. Mwalimu asiyeyajua haya ni hatari kuliko sanamu lolote linalodhaniwa liko orofani. Nilipomwambia binti hivyo sikuona akikasirika. Aliniambia kwamba cheti kilimpa mlango tu, na tangu arudi amekuwa akienda mara mbili kwa wiki kwa mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo, akimtazama anavyowashika wagonjwa, bila ya malipo wala cheti kingine. Hapo nikaona kwamba chuo hakikumpotea.

Nikamwuliza na habari za zile saa 30 za falsafa, na nyimbo zao. Akasema, "Nilisikiliza, nikaandika, nikafaulu mtihani. Wakiimba nilinyamaza. Mwalimu aliniuliza, nikamwambia mimi nina yangu. Hakuniuliza tena." Wako Waislamu wengine watakaosema asingekaa hapo hata kidogo. Nawaheshimu. Lakini al-Biruni alikaa.

Jambo moja lililonipa raha ni majina ya mikao. Binti alikuja nayo kwa Kisanskriti na kwa Kiingereza, akataka nimsaidie kuyapata ya Kiswahili. Mkao wa mti tukauita mnazi. Mkao wa mashua tukauita jahazi. Paka alibaki paka. Lakini upo mmoja, maarufu kuliko yote, ambao mtu hushika chini mikono na miguu na kiuno kikawa juu, nao huitwa kwa jina la mbwa anayejinyoosha. Kina mama wetu wa Kishafii walikataa katakata kuwa mbwa, hata kwa dakika moja, na mmoja aliuliza kama itabidi ajitwahirishe mara saba. Tukauita paa, maana kwa hakika ni sura ya paa la makuti. Na ule wa mwisho, wa kulala chali na kutulia, ambao kwao ni mkao wa maiti, bibi mmoja alisema hana haraka hiyo. Tukauita mapumziko.

Nilimpelekea ustadhi karatasi yenye yote yaliyoondolewa na yote yaliyobaki. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Ondoa na jina."

Hapa ndipo tulipokwama. Binti asema akiliondoa jina la yoga hakuna hoteli itakayojua anauza nini, na akiliacha mtaa hautamwachia. Mimi naona jina libaki. Gari, bima, hundi na laki tumevitoa kwa Wahindi, na chapati twaifungulia saumu. Utaniambia hivi punde nilisema maneno yana uzito. Ni kweli. Lakini tamko linaloelekezwa kwa mwabudiwa si sawa na jina la kitu, na kukificha kitu chini ya jina jingine ndiko kutakakowafanya watu waseme kuna kinachofichwa. Ustadhi hakukubali. Aliniambia hatasema kitu mimbarini, lakini nami nisiseme kwamba ameridhia. Natimiza: hajaridhia.

Wakati sisi tunagombania jina, kazi yenyewe inakwenda. Nairobi, Africa Yoga Project ilianza 2007 kuwafundisha vijana wa mitaa ya kimaskini wawe walimu wa kulipwa. Lamu, tamasha la yoga lilianza 2014, na Shela, mji wa misikiti na makaburi ya masharifu, umekuwa ukijaa mikeka ya watu waliovuka bahari kuja kujinyoosha kwa upepo wetu. Sina ugomvi na mgeni anayelala kwa amani na kulipa anachotumia. Ninalouliza ni kwa nini katika kazi hiyo sisi tuwe wenye kubeba mizigo, kupika na kutandika mikeka, na mwalimu atoke ng'ambo, ilhali binti zetu wanayo elimu hiyo na ulimi wa kuwaeleza wazee wetu wenye magoti mabovu, ambao hakuna mtalii atakayewafundisha.

Darasa la kina mama limefunguliwa tena, Jumanne na Alhamisi, baada ya alasiri. Walikuwa saba kabla ya maneno; sasa ni kumi na mmoja, na mmoja wao ni mama mkwe wa mtu niliyemtaja humu, sitasema nani. Wanaume hatuna mwalimu. Binti hawezi kutufundisha, na wala hatutamwomba. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilipita kwenye safu ya viti na karatasi na kalamu, nikaandika majina ya wanaotaka. Tumepatikana watu tisa, na chumba cha madrasa tumeahidiwa baada ya isha. Kijana wa Kiislamu aliyesomea kazi hii, awe Mombasa, Malindi au Lamu, na akubali kuacha tuliyoyaacha, na aniletee cheti chake pamoja na jina la aliyemfundisha habari za mifupa, aniandikie kwa anwani ya gazeti hili.